Kucha ya Silinda ya Nne

Nianze kwa kukiri: hadithi hii inanionyesha mjinga, tena mjinga wa aina ile anayejiona ana akili. Miaka yote nimekuwa naisimulia nusu, ile nusu ya kuchekesha, halafu nakimbilia habari nyingine kabla mtu hajauliza swali. Lakini mwezi uliopita tumemzika Fundi Naftali kule Bonga, na kwenye matanga, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi na sahani za wali maharage mapajani, mzee mmoja aliniambia jambo ambalo limeniharibia ile nusu ya kuchekesha. Kwa hiyo safari hii naitoa nzima. Nilizaliwa wapi na nani alinilea nitaruka, habari hizo hazijawahi kulegeza hata nati moja. Inatosha kujua kwamba shule niliishia darasa la saba, kwamba nilikuwa na mdomo, na kwamba gereji nzima waliniita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nimezimwa.

Mwaka ule Manyara ndiyo kwanza ilikuwa imefanywa mkoa. Babati iliamka asubuhi ikaambiwa wewe sasa ni makao makuu, kabla hata haijanawa uso. Wageni wakaja kutoka kila mahali na mafaili yao na magodoro yao, na vyumba vikawa adimu kuliko maji. Mimi nilikuwa nimepanga mtaa wa Nangara, chumba cha matofali ya kuchoma ambacho ukuta wake haukufika juu, kwa hiyo nilikuwa nasikia karani wa upande wa pili akijisomea barua zake kwa sauti kama anasoma Injili. Mwenye nyumba akapata karani mwingine wa kuongeza kodi, nikaambiwa nipishe. Fundi Naftali akanipa stoo ya gereji. Kitanda changu kilikaa kati ya giaboksi mbili na injini moja kuukuu iliyobaki skrepa, ukuta ulikuwa wa mbao zenye nafasi, na nje ya ukuta ndipo lilipokuwa benchi la mafundi. Chochote kilichosemwa pale benchini nilikisikia nikiwa nimelala. Nilidhani hiyo ni faida.

Naftali alikuwa mtu wa Moshi aliyehamia na kujenga Bonga, mpole, Mlutheri wa kutoka moyoni, na alikuwa na sinia. Sinia la kawaida, la bati, lenye maua yaliyofutika. Kila kitu kidogo kikitoka kwenye injini lazima kiende kwenye sinia, na wewe unayekiweka lazima uhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Mwanaume mzima una ndevu unahesabu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa naona aibu. Kwa hiyo yeye akigeuka, vitu vidogo mimi nilikuwa naviweka mdomoni. Mikono ya fundi ina grisi na oili, ukiweka kitu chini kinaliwa na vumbi, lakini mdomoni ni pasafi na ni karibu. Nilifika mahali naweza kubana boliti tatu shavuni na bado nikapiga stori, watu wakacheka, na mtu asijue. Nilijisikia kama mchezaji wa sarakasi.

Ijumaa moja asubuhi likaingia lori la Mama Zuhura. Mama Zuhura alikuwa na duka la jumla karibu na stendi, mwanamke wa maneno machache yenye uzito, na lori lake lilikuwa la zamani, lile la pua ndefu, ambalo masika yote lilikuwa limelala Maisaka nyuma ya ghala. Dereva wake alikuwa Mzee Bura, Mwiraqw wa Dareda, mrefu, mwenye koti la mvua hata wakati wa jua. Lori liliingia linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Lilikuwa linakohoa, linatoa moshi mweupe, halafu linakohoa tena.

"Shikamoo Mzee Bura," nikasema. "Huyu mgonjwa umemleta na shuka lake?"

"Marahaba. Acha utani, kijana. Kesho asubuhi anapanda Mbulu."

"Na nani?"

"Na Zuhura. Anaolewa."

Zuhura nilikuwa namfahamu, yule aliyekuwa anauza pale dukani kwa mama yake, binti ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu na mimi nililijua hilo. Kesho yake angepanda nyuma ya lori lile pamoja na mashangazi zake na sufuria za pilau, wangekwenda mpaka Dareda, halafu wangeanza kupanda ule mlima. Anayeijua ile barabara anajua. Kulia ukuta wa mlima, kushoto hakuna kitu, na wakati ule ilikuwa vumbi na kokoto tu. Injini ikikata katikati ya kona, na breki za lori la umri ule, linarudi nyuma na wote waliomo.

Mimi nikatoa jibu kabla sijagusa gari. "Nozo," nikasema. "Nozo imekufa, nipeni saa moja." Nikafungua nozo ya kwanza, kile kidude kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, nikafungua ya pili, nikabadilisha, nikapoteza asubuhi nzima, na lori likaendelea kukohoa. Naftali alikuwa amekaa juu ya pipa anakunywa uji. Alipomaliza, akafuta mdomo, akachukua spana moja, akasema, "Washa." Lori likiwa linaunguruma, akalegeza bomba la mafuta la silinda ya kwanza. Injini ikazidi kutetemeka. Akakaza. Akalegeza la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Alipolegeza la nne, hakuna kilichobadilika. Ilikuwa kama kumfinya maiti.

"Huyu ndiye aliyelala," akasema. "Sasa tumuulize kwa nini." Akavua bomba la hewa, akaweka kiganja pale injini inapovutia pumzi. Akanivuta mkono akauweka pale. Badala ya kuvuta tu, kila mara injini ilikuwa inanipulizia kiganjani, pu, pu, kama mtu anayepuliza chai. "Nozo inaweza kukupulizia?" akaniuliza. Nikatoa utani, na ulikuwa mbovu. Tukafungua kifuniko cha juu. Pale palikuwa peupe: kwenye silinda ya nne, valvu moja ya hewa ilikuwa imezama, springi yake imebanwa, haijarudi juu na wenzake. Kutu ya masika yote na masizi ya miaka vilikuwa vimeikaba shingoni. Mlango uko wazi, pumzi inatokea huko huko ilikoingilia.

Tukaidondoshea dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, tukaiacha inywe. Naftali akawa anaigonga kwa mpini wa nyundo, taratibu, kama anabisha hodi kwa mkwe, mpaka ikaruka juu. Lakini haikutosha, ilikuwa lazima isafishwe la sivyo ingekwama tena mlimani. Na hapa ndipo nilipompenda yule mzee, ingawa sikumwambia. Ili kuvua springi bila kufungua injini yote, alichukua kamba ya pamba, akaiingiza kwenye tundu la nozo, akaisokomeza ndani ya silinda, halafu akazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikaibana ile kamba juu. Kamba ikawa mto, valvu ikalala juu yake isidondoke ndani. "Vua kucha," akaniambia, akaenda kutafuta msasa.

Kucha ni vile vipande viwili vidogo vya chuma, kila kimoja kama nusu ya pete, vinavyoshika springi isiruke. Vidogo kuliko punje ya mahindi. Kabla ya kuvua, kanuni ni kuziba kwa matambara matundu yote yaliyo karibu, maana yale matundu yanashuka mpaka chini kwenye oili. Niliziba. Halafu nikachomoa tambara moja nijifute jasho, na sikulirudisha. Nikavua kucha. Sinia lilikuwa hatua tatu. Nikaweka mdomoni.

Na wakati huo huo Zuhura akaingia na birika la chai na bakuli la vitumbua kutoka kwa mama yake.

"Redio," akasema, "leo mbona husikiki? Betri imekwisha?"

Ningeweza kutema zile kucha kiganjani. Mtu mwingine yeyote duniani angefanya hivyo. Mimi nikazisukuma shavuni, nikachukua kitumbua, nikamwambia kwamba mume wake wa Mbulu ajiandae, mahari aliyolipa hairudishwi. Akacheka, akanijibu kwamba mimi hata mbuzi wa mkopo hawezi kuolewa nami. Watu wakashangilia. Nikala kitumbua cha pili. Vilikuwa vya moto, vya iliki, vimekolea sukari.

Naftali akarudi, tukaisafisha ile valvu kwa msasa na mafuta ya taa, akawa anaipandisha na kuishusha mpaka ikateleza kama sindano ya cherehani. Akaenda kumalizana na Mama Zuhura kuhusu saa ya kuondoka. Mimi nikarudisha springi, nikatema kucha ili nizifunge. Ikatoka moja.

Nikapitisha ulimi kila pembe. Nikatazama chini. Nikatazama kwenye nguo, kwenye bakuli la vitumbua, kwenye bampa. Halafu nikaliona lile tundu lisilo na tambara, jeusi, linanitazama. Nilijaribu kukumbuka kama niliweka mbili mdomoni au moja. Nilijaribu kukumbuka kama niliinama nikacheka juu ya lile tundu. Nilikuwa nimeinama. Nilikuwa nimecheka. Na nilikuwa nimemeza vitumbua viwili.

Najua nilichopaswa kufanya, na nyinyi mnajua. Nilichofanya ni kuingia stoo, kwenye ile injini kuukuu iliyo kando ya kitanda changu, nikavua kucha moja inayofanana, nikaja nikaifunga. Saa kumi jioni lori likawashwa. Likaunguruma laini, halikohoi, moshi umekatika. Mama Zuhura akasema, "Mwenyezi Mungu awabariki," na kwa yule mama hiyo ilikuwa hotuba. Naftali akakusanya vifaa vyake, akalitazama sinia, ambalo lilikuwa tupu, akalifuta vumbi kwa kiwiko. Akaingia stoo kuchukua koti lake, akakaa humo muda. Akatoka amelivaa.

Jioni ile sikula. Nililala kitandani jua halijazama bado, nikaitazama ile injini ya skrepa yenye pengo jipya kama jino lililong'oka. Upande wa pili wa mbao, benchini, nikasikia Naftali na Mzee Bura wanaongea chini chini. Nilisikia Mzee Bura akisema, "Nimwambie?" na Naftali akajibu, "Hapana. Tungoje asubuhi." Nilidhani wanaongea habari ya mvua. Kulikuwa na mawingu upande wa mlima Kwaraa. Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Ikiwa nimemeza, lori ni zima na mimi ndiye mgonjwa. Ikiwa imedondoka, iko ndani, kipande cha chuma kigumu kinazunguka na oili, kinangoja kuingia kwenye meno ya gia. Kinaweza kungoja mwaka. Kinaweza kungoja kona ya tatu juu ya Dareda. Nikajibonyeza tumbo nisikie kama kinachoma. Hakichomi. Sijawahi kutamani kuumwa tumbo kama jioni ile.

Asubuhi walikuja wote. Mama Zuhura, mashangazi wanne na kanga mpya, sufuria kubwa mbili, gunia la mchele, mbuzi mmoja asiyejua kinachomngoja, na Zuhura na hina yake mikononi, amefunikwa, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilimtazama akipandishwa nyuma ya lori kwa ngazi. Mzee Bura aliwasha, akaacha injini inaunguruma. Nikasimama kando ya pua ya gari nikaisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza mlango wa hospitali. Ilikuwa laini. Kila ulaini wake ulinitia hofu zaidi. Mzee Bura hakuondoka. Alikaa pale ameweka kiwiko dirishani, ananitazama, anapiga resi kidogo, anaacha, ananitazama. Naftali alikuwa juu ya pipa lake na uji wake. Chini ya injini palikuwa na karai kubwa la kumwagia oili. Sikujiuliza nani kaliweka.

"Mzee Bura," nikasema, "zima."

"Nini?"

"Zima gari. Msiende. Kuna kitu nimeangusha kwenye injini."

Shangazi mmoja akaangua kicheko. "Huyu Redio jamani. Hata siku ya watu?"

"Sitanii."

Wakazidi kucheka. Ndiyo utamu wa kuwa mchekeshaji, ukisema nyumba inaungua watu wanashika mbavu. Yule shangazi akaanza kunitungia wimbo, wenzake wakaitikia, Redio anamlilia bibi harusi, Redio hataki aende Mbulu. Zuhura peke yake hakucheka. Alifunua uso kidogo akanitazama. Mzee Bura akapiga resi. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na neno lolote mdomoni ambalo lingeaminika, nililala chini. Nililala mbele ya tairi la mbele, kwenye tope la oili, na shati langu la pekee la Jumamosi, nikafumba macho.

Injini ikazimwa. Nikasikia viatu vya Naftali vinakuja. Vikasimama kichwani kwangu.

"Uliiweka wapi?" akauliza.

"Mdomoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikala kitumbua."

Juu ya lori nikamsikia Zuhura akisema polepole, "Mama, ni vile vitumbua vyangu."

Tulifungua oili ikamwagika kwenye karai. Tukavua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Naftali akachukua sumaku aliyoitoa kwenye spika kuukuu, akaipitisha ndani ya oili yote, kidole kwa kidole, ikaja na unga wa chuma tu. Akafungua tena kifuniko cha juu, akapitisha sumaku kila tundu. Hakuna. Akaizungusha injini kwa mkono mizunguko mingi, sikio lake likiwa juu ya chuma. Mashangazi walikuwa wamekaa kwenye magunia kivulini, hawaimbi. Mbuzi alilala. Ilikuwa inakaribia adhuhuri Naftali aliponyooka akasema, "Humu haimo." Akanitazama tumboni, watu wote wakanitazama tumboni.

Mama Zuhura akainuka. Akanisogelea. "Wewe una uhakika gari ni zima?"

"Fundi amesema, mama."

"Nakuuliza wewe."

"Ni zima."

"Basi panda."

Nilipanda Mbulu nimekaa juu ya gunia la mchele, nimekabiliana na bibi harusi, katikati ya mashangazi waliokuwa sasa na wimbo mpya kuhusu mtu mwenye tumbo la gereji. Nilishukuru kwa wimbo, ulinizibia masikio. Kona ya kwanza nilishika kamba. Kona ya pili nilisali. Kona ya tatu nilifumba macho, na Zuhura akaninong'oneza, "Pumua, Redio, unatumalizia hewa." Injini haikukohoa hata mara moja. Tulifika alasiri imepita, tumechelewa, tumejaa vumbi, wazima.

Kucha niliipata Jumatatu. Jinsi nilivyoipata ni siri yangu na choo cha watu wa Mbulu. Niliiosha kwa sabuni, nikaifunga kwenye karatasi, nikashuka nayo Babati. Naftali alikuwa benchini. Nikalitafuta sinia, nikaiweka katikati ya yale maua yaliyofutika. Ikalia kidogo kwenye bati. Nilijua anachongoja.

"Moja," nikasema kwa sauti.

Akaendelea na kazi yake. Nilikaa naye miaka tisa baada ya hapo, nikihesabu kwa sauti, na leo vijana wangu wanahesabu na najua wananicheka nikigeuka.

Hiyo ndiyo nusu niliyokuwa nasimulia, na ilikuwa inaishia hapo, watu wamelowa machozi kwa kucheka. Nilianza kuisimulia hata pale matangani Bonga, kwa sababu watu walikuwa wamenyong'onyea na mimi sijui njia nyingine ya kulia. Mzee Bura alikuwa benchi moja nami, amezeeka, koti lile lile la mvua. Alisubiri wacheke wamalize. Halafu akanigusa goti.

"Ile asubuhi," akasema, "gari iliunguruma nusu saa. Hukushangaa?"

"Nilidhani unapasha moto."

"Nusu saa? Naftali aliona sinia tupu. Akaenda stoo akaona ile skrepa imepungua kucha. Jioni hiyo hiyo alikuja kuniambia. Akasema, washa, lakini gia usiweke mpaka mimi nisimame. Karai tuliweka sisi alfajiri."

Niliweka sahani yangu chini. Watu walikuwa wanapita na ndoo ya kunawia mikono. Nikamuuliza, "Kwa hiyo hata nisingesema, msingeondoka."

"Tusingeondoka. Tungefungua, tungetafuta."

"Sasa mlikuwa mnangoja nini?"

Mzee Bura akanawa mkono mmoja, akanawa wa pili, akaukung'uta.

"Gari tulijua tutaliponya," akasema. "Wewe ndiye tulikuwa hatujui."